Kipimo cha mimba cha buku, na famasi ya Mazimbu inayouliza kabla ya kuuza

Kipimo cha mimba cha karatasi, kile chembamba kinachokaa kwenye kipakiti cha rangi ya fedha na kuuzwa shilingi 1,000, kinafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu wasichana wengi ninaokaa nao wanaamini cha bei ndogo ni cha kubahatisha, na kwamba ukitaka uhakika lazima ununue kile cha kushika mkononi na kukikojolea moja kwa moja. Nimenunua vyote: cha karatasi, cha plastiki chenye kidirisha na kibomba cha kudondoshea mkojo (3,000), na hicho cha kushika (8,000). Vyote vinatafuta kitu kimoja kwenye mkojo, homoni ya hCG, ambayo huanza kutengenezwa mimba ikishajishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Na vipakiti vyote nilivyosoma viliandikwa kiwango kilekile cha kuhisi, 25 mIU/ml. Hizo 7,000 za ziada unalipia plastiki.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Nina vyumba vya kupangisha hapa Mazimbu, Morogoro, na wapangaji wangu ni wanafunzi wa chuo, wengi wao wasichana wa miaka ishirini na kitu. Wananiita Mwalimu. Mlango wangu unagongwa usiku kwa mengi: luku imeisha, maji hayatoki, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, "Shikamoo Mwalimu, samahani, naona kama nina mimba, lakini hatukufanya."

Hawadanganyi. Wanamaanisha hawakuingiliana. Walikumbatiana, walishikana, walivua nguo au hawakuvua, mwanaume akafika mwisho, na sasa binti hapati usingizi. Hana pa kulipeleka swali lake. Nyumbani hathubutu, hospitali anahisi watamshangaa, na mtandaoni mmoja anaapa haiwezekani hata kidogo, mwingine anaapa anamjua mtu aliyepata mimba kwa kukalia kiti cha choo.

Ndiyo maana naandika kuhusu vitu viwili kwa pamoja, kipimo na famasi ninakokinunua. Kipimo kinakwambia kama leo kuna homoni ya kutosha kuonekana kwenye mkojo, basi. Hakikwambii kama ulichofanya kingeweza kuleta mimba, wala hakikwambii kwamba umekuja mapema mno. Hayo lazima uyapate kwa mtu, na maduka mengi ya dawa niliyopita hayana mtu huyo. Unataja unachotaka, unafungiwa kwenye gazeti, unapewa chenji. Kwenye duka moja mjini, ambalo silitaji, muuzaji alimwangalia mpangaji wangu kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema mbele ya foleni, "Mmeshaanza mambo yenu." Binti aliondoka bila kununua na akakaa na hofu yake wiki nzima.

Famasi ninayoisifu ni ndogo, iko barabara ya kwenda Kampasi ya Solomon Mahlangu. Muuzaji ni dada wa makamo aliyesomea famasi ngazi ya stashahada. Ukimwomba kipimo cha mimba, mkono wake hauendi kwenye droo. Anakuuliza kwa sauti ya chini: siku zako za mwisho ziliingia lini, na hilo jambo lilitokea lini. Ukionekana kusitasita anakuita nyuma ya kabati la maziwa ya watoto, ambako kuna benchi, na hapo ndipo anauliza swali la tatu: kilitokea nini hasa.

Nilikuwepo siku alipomhudumia mpangaji wangu mmoja, binti wa miaka 22, mwaka wa pili, ana mchumba wake wanayetarajia kufunga ndoa akimaliza chuo. Aliniomba nimsindikize. Ilikuwa siku ya pili tangu tukio. Alieleza huku anaangalia sakafu: walikuwa hawana nguo, mchumba hakuingiza, ila alimaliza kwenye paja, karibu kabisa na uke, na yeye hakujifuta mara moja. Dada wa famasi hakushtuka wala hakuhubiri. Alichana mfuniko wa boksi la dawa, akachora vijumba kwa kalamu ya wino, kimoja kwa kila siku tangu hedhi ya mwisho, akaweka alama ya siku ile ya tukio, halafu akazungushia vijumba vya katikati.

"Mdogo wangu," alimwambia, "mbegu haziruki. Zinaogelea. Na zinaogelea kwenye ute, siyo kwenye ngozi kavu. Kwa hiyo mimi nauliza tu zilitua wapi, na zilikuwa bado mbichi?"

Nimefundisha mfumo wa uzazi miaka mingi na sijawahi kuliweka jambo hili vizuri hivyo. Mimba haihitaji tendo lenyewe. Inahitaji mbegu hai ifike ndani ya uke, ipite mlango wa kizazi, ikute yai. Kuingiliana ni njia ya uhakika ya kuzifikisha, lakini si njia pekee. Manii mabichi yakimwagika kwenye mdomo wa uke, au yakapelekwa ndani na kidole kilicholowa muda uleule, mbegu chache zinaweza kuingia. Uwezekano ni mdogo, tena mdogo sana ukilinganisha na tendo kamili, ila si sifuri. Manii yakikauka kwenye paja, tumbo, mkono au shuka, mbegu zimekufa, na kuyalowesha tena hakuzifufui.

Ukubwa wa hofu na ukubwa wa hatari havilingani hata kidogo, na mfano ninaowapa wasichana ni huu. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha utafiti wao wa wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wanatafuta mtoto. Waliona kwamba mimba ilitunga tu pale tendo lilipofanyika ndani ya siku sita zinazoishia siku yai linapotoka. Siku tano kabla ya yai kutoka, uwezekano ulikuwa kama asilimia 10; siku yenyewe ya yai, kama asilimia 33. Hao ni watu wanaofanya tendo kamili, bila kinga, wakiomba mimba iingie, na hata siku bora kuliko zote wengi hawakuipata. Sasa fikiria manii yaliyotua nje, mengi yakabaki kwenye ngozi.

Vile vijumba alivyovizungushia vilikuwa vya siku hizo. Mbegu zikishaingia kwenye ute wa mlango wa kizazi, hasa ule wa siku za rutuba unaovutika kama ute wa yai bichi, zinaweza kuishi hadi siku tano. Yai likitoka linadumu siku moja au pungufu. Tukio lisiloangukia humo halina cha kuzaa. Shida ni kwamba msichana ambaye mzunguko wake hautabiriki hawezi kuziamini hesabu hizo, na dada alimwambia hivyo wazi, kwa sababu huyu wetu mwezi mmoja huingia siku ya 27 na mwingine siku ya 36.

Basi akamweleza kuhusu P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya saa 72, nguo hazikuwepo na manii yalitua karibu na mlango, alisema anaweza kuitumia akitaka, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi. Akamweleza kwamba ni levonogestreli, kwamba inachelewesha yai kutoka, kwamba haiui mimba ambayo tayari imeshajishika, na kwamba hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu ndilo maduka mengi hayasemi. Msichana anameza P2, hedhi inachelewa siku kadhaa kwa sababu ya P2 yenyewe, naye anaamini ni mimba. Akamtajia pia kitanzi cha shaba, ambacho hospitali wanaweza kukiweka hadi siku ya tano na ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Binti akachagua P2. Kipimo hakuuziwa siku hiyo. Aliambiwa arudi zikipita siku 21 tangu tukio, au akiona amepitisha siku zake.

Wapo aliowakatalia kuwauzia P2. Mpangaji mwingine alikwenda na hofu hiyohiyo, lakini yeye na mwenzake walikuwa wamevaa, yeye suruali ya jinzi na mwenzake bukta, wakasuguana, mwenzake akamaliza ndani ya bukta yake. Dada akamwambia hapo hakuna njia. Hela yake akanunue chakula. Binti akabisha, akasema alihisi unyevu. Dada akamrudishia swali lake lilelile, zilitua wapi, mpaka binti akajibu mwenyewe kwamba zilitua kwenye bukta. Nimeliheshimu duka hili tangu siku hiyo. Kuuza ilikuwa rahisi sana. Binti alikuwa ameshashika noti mkononi.

Kuhusu madhii, yale maji yanayomtoka mwanaume kabla hajafika mwisho, wasichana waliopita madrasa wanaijua tofauti yake na manii kuliko wengi wa wanafunzi wangu wa zamani, na mara nyingi wanadhani madhii hayana mbegu kabisa. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 ulichukua madhii ya wanaume 27. Kwa 11 kati yao zilikutwa mbegu, na kwa 10 kati ya hao zilikuwa bado zinaogelea. Kwa hiyo "hakumwaga" haitoshi kuwa jibu ikiwa uume mtupu uligusa mlango wa uke. Hatari bado ni ndogo, ila ipo.

Na mengine yanayoulizwa kwenye benchi lile, nimeyasikia karibu yote. Kwa mdomo: hapana, njia ya chakula na mji wa mimba havikutani. Kiti cha choo, taulo la mwenzako, kufua chupi pamoja, bwawa la kuogelea: hapana. Nyuma: hakuna njia ya kwenda kwenye kizazi, ila manii yanaweza kuchuruzika hadi mbele, na hapo unarudi kwenye swali lilelile. Bikira: anaweza kupata mimba, kwa sababu kizinda kina uwazi, ndiyo maana damu ya hedhi inatoka. Hili la bikira nawaomba wazazi walielewe pia. Msichana akipima akakuta mistari miwili na akasema hajawahi kuingiliwa, anaweza kuwa anasema kweli tupu, na kumpiga hakubadilishi anatomia yake.

Magonjwa ni habari nyingine. Malengelenge na kaswende huambukizwa kwa ngozi kugusana, bila kuingiliana, kwa hiyo kidonda au upele ni wa kupeleka zahanati hata kama hofu ya mimba imeisha. Na kama alilazimishwa, asianzie famasi. Aende hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu huko kuna dawa za kuzuia VVU pia, na zina muda wake.

Turudi kwenye kipimo, maana kina kero zake. Ya kwanza na kubwa ni karatasi ya maelezo. Niliyoikuta ndani ya boksi la vipimo 50 ina Kiingereza na Kichina, kwa herufi ambazo hata kwa miwani yangu nilihitaji kusogea dirishani. Kiswahili hakuna. Na mteja anayenunua kimoja kimoja haipati hata hiyo. Anapewa kipakiti tu. Kwa hiyo nawaeleza mwenyewe. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye kikopo kikavu kisicho na sabuni. Chovya upande wenye mishale, mishale ikiangalia chini, mkojo usivuke mstari ulioandikwa MAX. Hesabu sekunde zilizoandikwa kwenye kipakiti, kitoe, kilaze pakavu. Soma dakika ya tano. Baada ya dakika kumi usikisome tena. Mstari wa C lazima utokee, usipotokea kipimo kimeharibika, chukua kingine. Mstari wa T ukitokea pamoja na wa C, hata ukiwa hafifu, hesabu ni mimba, nenda zahanati wakathibitishe.

Hiyo ya dakika kumi si urembo. Mpangaji wangu mmoja alipata mstari mmoja asubuhi, akakitupa, jioni akakiokota tena kwenye ndoo ya taka akaona kivuli cha mstari wa pili, cha kijivu, hakina rangi ya waridi. Alilia. Kile ni alama ya mkojo uliokauka. Tukapima upya kesho yake, mstari mmoja, na siku zake zikaingia wiki ileile.

Kero ya pili ni joto. Kipakiti kinasema kihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Morogoro ya Januari na Februari inapita 30, na nimeona maduka yanayotundika vipimo kwenye kioo cha mbele vikipigwa na jua la mchana. Hata famasi hii ninayoisifu ilikuwa inavitundika hapo. Nilimwambia dada, akavihamishia droo ya chini siku hiyohiyo. Ukinunua popote, angalia vilipokaa, angalia tarehe ya mwisho, na hakikisha kipakiti hakijatoboka.

Ya tatu si kosa la kipimo, ni haraka yetu. Yai likikutana na mbegu, mimba huchukua siku kadhaa kujishika, mara nyingi kati ya siku ya 8 na ya 10 baada ya yai kutoka, na hCG inaanza kupanda hapo. Kupima siku tatu baada ya tukio na kukuta mstari mmoja hakuna maana yoyote, na wasichana wengi hupima hivyo, wanatulia kwa siku mbili, kisha hofu inarudi na wananunua kingine. Ukihesabu siku 21 tangu tukio lenyewe ukapima na kukuta mstari mmoja, jibu hilo lishike. Hedhi ikiwa bado haijaja, tafuta sababu nyingine. Hapa kwetu wiki za UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, zinatosha: kukesha, kula chipsi tupu, mawazo. Hofu ya mimba nayo yenyewe inaweza kuichelewesha hedhi.

Kuhusu kupima kwa chumvi, sukari au dawa ya meno, nimewaambia wapangaji wangu na nawaambia na nyie mnaosoma: mkojo wa mtu yeyote, hata wa mwanaume, unaweza kutoa povu kwenye dawa ya meno na kufanya ukungu kwenye chumvi. Vitu hivyo haviioni hCG. Kama buku hakuna, njoo tukukopeshe, au nenda zahanati.

Famasi yenyewe nayo ina mapungufu. Dirisha lake linatazamana na kijiwe cha bodaboda, na ukisimama pale vijana wanakuona na wanakumbuka. Dada asipokuwepo, mara nyingi Jumapili, anayemshikia duka ni kijana mpole asiyeuliza chochote, kwa hiyo unarudi kwenye huduma ya gazeti na chenji. Nenda siku ya kazi, asubuhi, kabla kijiwe hakijajaa. Wavulana wanahudumiwa vilevile. Yule mchumba alikuja mwenyewe siku nyingine akaketi kwenye benchi, akachorewa vijumba vyake, akaondoka na kondomu na ule mfuniko wa boksi umekunjwa mfukoni.

Binti wetu alirudi siku 21 zilipotimia. Mstari mmoja. Hedhi ilikuja imechelewa, kama alivyoambiwa itakavyokuwa kwa sababu ya P2, na kwa kuwa aliambiwa mapema hakuamka usiku kunigongea.

Kipimo cha karatasi nakipa nyota nne kati ya tano. Famasi naipa nne pia. Ingepata tano kama benchi lile lingekuwepo na Jumapili. Hiyo nyota ya tano ya kipimo iko mikononi mwa wanaoviagiza na kuvifungasha: wekeni karatasi ya Kiswahili ndani ya kila kipakiti kimoja kimoja, kwa herufi zinazosomeka, na mstari wa kwanza kabisa useme pima zikitimia siku 21 tangu tukio, au siku ya kwanza ukipitisha hedhi.